Kabla Hujanunua Betri Nyingine kwa Ajili ya Muziki wa Gari, Pima

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa kijana mmoja wa Manyoni mwenye Toyota Noah ambayo ameifungia amplifaya na sabufa mbili. Anasema amekwisha kubadilisha betri mara mbili ndani ya mwaka mmoja, gari linalala likiwa zima na asubuhi haliwaki, taa za mbele zinafifia kila besi inapopiga, na fundi wake sasa anamshauri aachane na betri ya saizi ya NS60 anunue kubwa zaidi, ya saizi ya N70. Aliuliza swali moja tu: je, N70 itatosha?

Nilimjibu kwamba asinunue kitu chochote kabla hajapima. Betri kubwa kwenye gari linalovuja umeme ni sawa na kununua tangi kubwa la maji bila kuziba tundu lililo chini: litachelewa kukauka, lakini litakauka, na altaneta ileile ndogo, yaani kile kifaa kinachochaji betri injini ikizunguka, ndiyo itakayotakiwa kulijaza upya. Nimeona nieleze kwa urefu, kwa sababu jambo hili limenigusa mimi mwenyewe, na kwa sababu najua wengi mnaosoma hapa mnataka kile ninachokitaka mimi, yaani muziki mzito, safi, usiokwaruza, ndani ya gari linalowaka kila asubuhi.

Mimi hukodisha gari kwa misafara ya harusi na sherehe za kumuaga bibi harusi hapa Dodoma mjini. Gari langu ndilo hutangulia likiwa na muziki, na wateja hunilipa kwa sababu ya sauti ile. Siku moja ya Jumamosi, nje ya kanisa, maharusi wakiwa tayari wamepanda gari la nyuma na wapiga picha wamejipanga, gari langu lilikataa kuwaka. Stata, yaani mota ya kuwashia injini, ililia mara moja, ikanyamaza. Vijana walilisukuma kwenye vumbi huku wageni wakitazama, na mjomba wa bibi harusi akanieleza mbele ya watu kwamba nimeiaibisha familia yake. Nakiri kwamba maneno yale bado yananiuma, kwa kuwa betri iliyokuwa ndani ya gari siku ile ilikuwa mpya, na nilikuwa nimeinunua kwa ushauri wa mtu aliyejiita mtaalamu.

Mafundi niliowaendea walikuwa na majibu ya haraka. Mmoja alisema betri imekufa, nikanunua nyingine, na kwa majuma kadhaa mambo yakawa mazuri, kisha hali ikarudi ilivyokuwa. Mwingine alisema altaneta haichaji. Njia yake ya kuthibitisha ilikuwa kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inanguruma ili aone kama gari litazima. Tafadhali, ndugu msomaji, usimruhusu mtu yeyote afanye hivyo kwenye gari lako. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa altaneta, na ukiiondoa ghafla volti zinaweza kuruka juu sana kwa muda mfupi na kuunguza redio, amplifaya, hata kompyuta ya injini. Nilibadilisha altaneta, na tatizo likabaki palepale. Wa mwisho alitamka kwamba amplifaya yangu imeharibika, akajitolea kuinunua kwa bei ya chuma chakavu. Katika wote hao hakuna aliyeshika mita ya kupimia umeme.

Nilisomea umeme wa majumbani katika chuo cha ufundi cha VETA, na mita ninayo, kwa hiyo niliamua kulifuata tatizo mwenyewe kama ninavyofuata hitilafu ya nyumba: nianze kwenye chanzo, niende hatua kwa hatua hadi kwenye mzigo, nisikubali neno la mtu lisilo na namba.

Namba ya kwanza ni volti za betri gari likiwa limepumzika usiku kucha. Betri iliyojaa husoma karibu volti 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.2 imebakiwa na nusu ya chaji, na ikisoma 12.0 au chini yake iko karibu kuishiwa kabisa. Namba ya pili ni volti za betri hiyohiyo injini ikiwa inawaka, ambazo kwa magari mengi huwa kati ya 13.8 na 14.4. Yangu ilisoma 14.1. Maana yake altaneta ilikuwa inachaji vizuri, na ninaamini hata ile ya zamani niliyoiacha gereji ilikuwa nzima, maana hakuna aliyeipima kabla ya kuing'oa.

Namba ya tatu ndiyo iliyonifungua macho. Zima gari, toa funguo, fungua boneti, legeza waya wa hasi wa betri, kisha weka mita katikati ya waya huo na posti ya hasi, mita ikiwa kwenye kipimo cha ampea 10, ili umeme wote unaotoka kwenye betri upite ndani ya mita. Usiwashe gari wala kuwasha taa mita ikiwa imekaa hapo, kwa kuwa fyuzi yake itakatika mara moja. Funga milango, au bonyeza kitasa cha mlango ulio wazi kwa bisibisi ili gari lione kwamba mlango umefungwa, kisha subiri nusu saa au zaidi hadi vifaa vyote vilale. Gari zima halipaswi kutumia zaidi ya miliampea 50 hivi, yaani ampea 0.05, kwa ajili ya saa, kumbukumbu ya redio na king'ora. Langu lilisoma ampea 1.8, na lilibaki hapo. Fanya hesabu pamoja nami. NS60 hubeba takriban ampea-saa 45, yaani kama ampea moja kwa saa 45. Kwa saa kumi na mbili za usiku ampea 1.8 zinakula ampea-saa 21.6, karibu nusu ya betri. Siku za kazi nilikuwa naendesha kila siku, altaneta ikawa inarudisha sehemu ya kilicholiwa, na gari likawaka. Kabla ya harusi ile nilikuwa nimeliegesha palepale nje ya kanisa tangu Alhamisi, nikaliosha na kulipamba papo hapo lilipo ili libaki safi. Betri haikuwa na njia ya kupona.

Nilichomoa fyuzi moja baada ya nyingine huku nikitazama mita. Nilipochomoa fyuzi kubwa ya amplifaya, namba ilishuka hadi 0.03. Amplifaya ilikuwa haizimiki, na sababu yake iko nyuma ya redio, mahali ambapo magari yetu mengi yanaharibiwa. Magari tunayoagiza kutoka Japani huja na redio zinazoanzia megahezi 76 na nyingi zinaishia 90, wakati stesheni zetu za FM ziko kati ya 87.5 na 108, kwa hiyo karibu kila mtu hubadilisha redio, na karibu kila redio hubadilishwa kwa kukata waya na kuzisokota kwa mkono. Waya wa njano wa redio ni wa umeme wa kudumu, mwekundu hupata umeme pale tu ufunguo unapozungushwa, mweusi ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia bodi ya gari, na wa buluu wenye mstari mweupe ndio unaoiamuru amplifaya iwake au izime. Aliyenifungia alikuwa ameusokota ule wa buluu pamoja na wa njano. Amplifaya ikawa inaamriwa iwake mchana na usiku, hata redio ikiwa imezimwa, na kwa kuwa ilikuwa imefichwa chini ya kiti cha nyuma, taa yake ya kijani hakuna aliyeiona. Ukitaka kuchunguza bila mita, zima gari usiku, subiri, kisha iguse amplifaya na uitazame taa yake. Ikiwa imewaka au ina joto wakati redio imezimwa, umepata pa kuanzia.

Hilo lilimaliza tatizo la gari kutowaka, lakini taa ziliendelea kufifia na amplifaya ilikuwa inajizima kwa taa nyekundu besi ikizidi. Nilichomoa spika zote na nyaya za mawimbi kutoka kwenye redio, nikaiwasha amplifaya peke yake. Taa nyekundu ingeendelea kuwaka hapo, ningekubali kwamba imeharibika ndani. Ilikaa kijani, kwa hiyo kasoro ilikuwa nje yake. Nikarudisha kila kitu, muziki ukipiga kwa nguvu nikapima volti kati ya posti ya hasi ya betri na skrubu ya ethi ya amplifaya. Njia nzuri haipotezi zaidi ya volti 0.1 au 0.2. Yangu ilipoteza 1.3. Waya wa ethi ulikuwa umebanwa kwenye nati ya kiti juu ya rangi ya gari, na rangi haipitishi umeme, hivyo mkondo wote ulikuwa unajipenyeza kwenye ncha za nyuzi za nati. Nilisugua kwa msasa hadi chuma kikang'aa, nikafupisha waya, nikabana kwa boliti yake yenyewe na kupaka grisi juu ili kutu isiingie. Taa za mbele zikatulia. Barabara za mitaa yetu zina makorongo, kwa hiyo boliti hiyo huikagua kila ninapobadilisha oili.

Waya mkuu nao uukague. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu: ukiwa mwekundu juu na mweupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na hupitisha umeme kidogo kuliko shaba halisi ya unene uleule. Kwa amplifaya inayovuta ampea 80 kutoka mbele hadi nyuma ya Noah, mimi siwezi kutumia waya wa shaba ulio chini ya milimita 25 za mraba. Unene wa plastiki usikudanganye.

Usidanganywe pia na wati zilizoandikwa kwenye boksi. Amplifaya yenye maandishi ya wati 3,000 na fyuzi ya ampea 40 ubavuni haiwezi kupokea kwa kudumu zaidi ya wati 552 hivi, kwa kuwa 40 mara 13.8 ndiyo hiyo, na sehemu ya hizo inapotea kama joto. Soma fyuzi, kisha uliza altaneta yako inatoa ampea ngapi. Magari madogo mengi yana altaneta ya kati ya ampea 60 na 100, na katika hizo injini, taa na feni zinachukua chao kwanza. Sabufa mbili za omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) zikiunganishwa sambamba zinakuwa omu 2, na amplifaya isiyoruhusu omu 2 itajizima hata kama kila waya ni mzuri.

Kuhusu fyuzi nitasema kwa ukali, kwa sababu nimeona watu wakifunga msumari au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi na kuendelea na safari. Fyuzi kuu iwe karibu na betri, ndani ya sentimita 45, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya, na sehemu yote iliyo kabla ya fyuzi haina ulinzi. Waya ule unapita chini ya zulia, karibu na watoto wako waliokaa kiti cha nyuma. Ukikwaruzwa na bati ukapiga shoti bila fyuzi, betri itamwaga mamia ya ampea na plastiki itashika moto kabla hujasimamisha gari. Mwenye gari ana wajibu wa kufungua boneti na kuiona fyuzi hiyo kwa macho yake, asiridhike na neno la fundi. Ukifanya kazi yoyote hapo, toa waya wa hasi kwanza na uurudishe mwisho.

Ukishaziba uvujaji, usitegemee safari za Area D hadi Majengo kuijaza betri iliyoishiwa kabisa, kwa kuwa ni fupi mno. Ipeleke ikachajiwe polepole, ampea 4 au 5 kwa NS60, na kama ni ya kuongeza maji, ongeza maji ya betri hadi kwenye alama, maana joto la Oktoba na Novemba hapa kwetu huyapunguza haraka. Iache ilale bila kuunganishwa na chochote, kisha pima. Ikiwa asubuhi imeshuka chini ya 12.4, au inaanguka chini ya volti 9.6 wakati stata inazungusha injini, betri hiyo imechoka kweli, na hapo nenda dukani ukanunue nyingine ya saizi ileile.