Ramani ya zamani na mpaka wa shamba ya guka

Manze pole na hiyo stori ya jirani. Umesema umepata topo shiti (ramani ya kuonyesha sura ya nchi) ya miaka ya sabini kwa sanduku ya guka na unataka kuitumia kuonyesha jirani amekula mita tatu za shamba huko Murang'a. Haitakusaidia hapo, nakwambia mapema usipoteze fea.

Angalia pale chini, imeandikwa 1:50,000. Yaani sentimita moja ni mita 500, so laini ya penseli ya nusu milimita tu inafunika mita 25 za ardhi, sasa hizo mita tatu zako ziko wapi? Hiyo ramani inachora mito, barabara, konta (laini za mwinuko), pengine shule na kanisa, haichori mashamba ya watu.

Mpaka uko kwa RIM (Registry Index Map), ile ramani ya msajili yenye namba za ploti. Nakala utapata Survey of Kenya pale Ruaraka, shuka tu Thika Road. Halafu peleka malalamiko kwa msajili wa ardhi wa kaunti, kesi ya mpaka huanzia kwake kabla ya koti.

Lakini usiitupe! Kama mnabishana mto ulipita wapi zamani, hapo itaongea. Chunga tu ukiiweka kwa simu, hizo shiti zinapima mahali kwa mfumo wa zamani, Arc 1960, na GPS yako inatumia mfumo mwingine, WGS84, bila kubadilisha utajipata karibu mita 300 kaskazini ama kusini, uanze vita na jirani mwingine kabisa.