Fundi Anajibu: Skrini inasema 9, maziwa yameganda

Swali: Fundi, salaam. Friji yangu ina milango miwili, friza iko juu, na mlangoni kuna skrini ya namba. Nimeiweka 4 lakini skrini inapanda yenyewe hadi 8 au 9. Cha ajabu, wakati huohuo mboga za droo ya chini zinaganda na maziwa yanatoka na vipande vya barafu. Mashine hainyamazi usiku kucha. Fundi wa kwanza alisema gesi imepungua, wa pili akasema kompresa imechoka. Nimfuate yupi? – Mama wa Wawili

Jibu: Usimfuate yeyote, dada yangu. Gesi ikipungua friji hupoteza ubaridi, haigandishi maziwa. Kompresa iliyochoka nayo haina ubavu huo. Yako inachapa kazi kupita kiasi kwa sababu inadanganywa kwamba ndani kuna joto, na mshukiwa wangu wa kwanza ni sensa.

Sensa ni kidude kidogo cha kupima joto, chenye nyaya mbili, kimefichwa nyuma ya kifuniko cha plastiki ukutani mwa friji. Ukinzani wake wa umeme hupanda kunapokuwa na baridi na kushuka kunapokuwa na joto. Bodi, yaani ubao wa umeme unaoiongoza friji, husoma ukinzani huo na kuugeuza kuwa nyuzi. Sasa unyevu ukipenya ndani ya ganda lake, umeme hupata njia ya mkato, ukinzani unashuka, na bodi inaamini kuna joto hata kama maziwa yamekuwa jiwe. Waya ukikatika huwa kinyume chake: bodi inadhani ni baridi kali na kompresa inalala, au skrini inaandika herufi za hitilafu.

Kabla ya kufungua chochote, pata ushahidi. Weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji, rafu ya katikati, usiku mzima. Maji hayayumbi kila mlango unapofunguliwa, ndiyo maana siamini kipimajoto kilichoning'inizwa hewani. Asubuhi linganisha na skrini. Tofauti ya nyuzi moja au mbili isikunyime usingizi. Ukikuta glasi iko sifuri na skrini inasema 9, tuendelee.

Chomoa plagi ukutani na usubiri dakika kumi, maana baadhi ya bodi hubaki na umeme. Toa sensa, chomoa kiunganishi chake kwenye bodi (ukipima kikiwa kimeunganishwa, utapima na bodi pia, upate namba ya uongo), kisha weka multimita (mita ya kupimia umeme) kwenye omu, kipimo cha ukinzani. Chukua kikombe cha barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo tu, koroga. Hapo una nyuzi sifuri kamili bila kununua chombo chochote. Funga sensa kwenye mfuko mwembamba wa plastiki, izamishe, ngoja dakika tano au zaidi hadi namba itulie.

Sensa nyingi za friji ni za omu 10,000 au omu 5,000 kwenye nyuzi 25. Ile ya 10,000 ikiwa kwenye barafu hutoa takriban 27,000 hadi 33,000. Ya 5,000 hutoa kama 13,000 hadi 16,000. Hujui yako ni ipi? Toa na sensa ya friza, uzamishe zote mbili kikombe kimoja. Mara nyingi ni za aina moja, kwa hiyo moja ikisoma 28,000 na nyingine 17,000, mwongo umempata. Halafu ishike kiganjani: namba ishuke taratibu. Ikirukaruka, ina ufa ndani. Lakini usishike ncha za mita kwa vidole, mwili wako nao hupitisha umeme.

Ikifaulu mtihani wote huo, usiibadilishe. Tazama kilango cha hewa kati ya friza na friji. Kikikwama wazi, baridi ya friza humwagika chini na mboga zitaganda vilevile. Ila kilango hakiwezi kuifanya skrini iseme 9, ndiyo maana kwako nimeanza na sensa.

Ukinunua mpya, ilingane kwa ukinzani, si kwa umbo la plagi tu. Na kama lazima uunge waya, tumia mpira wa kubana kwa joto wenye gundi ndani. Niliwahi kubadilisha bodi nzima ya mteja, friji ikaendelea kugandisha, na nilipofuatilia waya nikakuta kiungo kilichozungushiwa mkanda wa kawaida, kimelowa chapachapa. Mkanda ule nilikuwa nimeuzungusha mwenyewe mwaka uliotangulia. Gharama ya bodi nilimrudishia.

Jambo moja sitaki ulifanye: usichokonoe barafu kwa kisu ukitafuta sensa. Friji nyingi za sasa zina gesi inayowaka, na bomba likitoboka shida itakuwa kubwa kuliko maziwa. Iache iyeyuke yenyewe, mlango wazi.

Ukishapima, niandikie namba mbili ulizopata kwenye kikombe, ya friji na ya friza.