Mwanangu, nenda kwenye tamasha hilo

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Barua yako imefika, nimeisoma, na babako pia ameisoma. Unauliza kama ni vibaya kutoa won 154,000 kwenye akiba ya posho yako ya masomo ili ununue tiketi ya tamasha la muziki wa Kikorea hapo Seoul mwezi wa Novemba. Unauliza vilevile kama msichana wa Mombasa aliyejitanda mtandio, asiye na mwenzake wa kufuatana naye, na ambaye Kikorea chake bado ni cha darasani, hatakuwa kituko mbele za watu. Jibu langu ni kwamba uende. Yaliyobaki katika barua hii ni juu ya namna ya kwenda, kwa kuwa hadhira ya Wakorea ina adabu zake, na ni afadhali uzijue kabla hujafika mlangoni.

Kuhusu fedha sina mengi. Won hizo ni kama shilingi 14,000 na ushei za kwetu, nazo si kidogo katika nyumba hii, lakini posho ni yako, hujakopa, na hujatuomba tukuongezee. Sharti langu ni moja tu: usinunue kwa mlanguzi. Tiketi za makundi makubwa huisha kwa dakika chache, kisha huonekana mitandaoni kwa bei maradufu, na tangu Machi 2024 sheria ya Korea imepiga marufuku kuuza tena tiketi zilizonyakuliwa kwa programu za kompyuta. Isitoshe, matamasha mengi hukagua vitambulisho, na asiye mwenye jina lililo kwenye tiketi hurudishwa. Hakikisha basi kwamba jina utakalojisajili nalo linalingana herufi kwa herufi na lile la kwenye kadi yako ya ukaazi. Sisi watu wa pwani tuna majina marefu yenye jina la baba, la babu na la ukoo, na kila ofisi hukata pale inapopenda.

Ukumbi ulionitajia, KSPO Dome ulio ndani ya Bustani ya Olimpiki, ulijengwa kwa ajili ya mashindano ya jimnastiki ya Olimpiki ya 1988, na huchukua watu wapatao 15,000. Hiyo ndiyo Olimpiki ambayo Paul Ereng, Peter Rono, John Ngugi na Julius Kariuki walishinda dhahabu za mbio, na marehemu Robert Wangila akashinda ya ndondi. Nilikuwa mtoto, na jina la Seoul nililijua kwa redio kabla sijalijua kwa ramani. Lakini ukumbi huohuo una habari nyingine, nami nakueleza si kwa kukutisha: Februari 1992, kundi la New Kids on the Block kutoka Marekani lilipotumbuiza hapo, mashabiki walisukumana kuelekea jukwaani, makumi wakaumia, na msichana mmoja wa shule ya sekondari akafariki. Nawe unajua yaliyotokea mtaa wa Itaewon hapo Seoul mwaka 2022, ambako msongamano katika kichochoro kimoja uliua watu zaidi ya 150. Siku hizi kumbi hupangwa vizuri zaidi, na hata wanaosimama mbele huingia kwa namba. Hata hivyo, chukua kiti. Utawaona wasanii wadogo kidogo, lakini utawaona.

Sasa nije kwenye jambo linalonipendeza mwenyewe, ambalo mdogo wako amekuwa mwalimu wangu. Wewe umezoea taarabu, ambapo shairi likimgusa mtu huinuka, huenda akicheza polepole hadi kwa mwimbaji, akamtuza noti, na kila mmoja akaelewa ujumbe umepelekwa kwa nani. Huko hakuna anayesogelea jukwaa. Hadhira hushiriki ikiwa mahali pake, tena kwa mpangilio ambao watu wamejifunza nyumbani: ala zinapoanza, kabla mwimbaji hajafungua kinywa, ukumbi mzima hutamka majina ya wasanii kwa mfuatano maalumu, kisha hunyamaza pale panapotakiwa kunyamaza. Mdogo wako humenya viazi jikoni akitamka, "Kim Namjoon, Kim Seokjin, Min Yoongi, Jung Hoseok," mpaka wafike wote saba wa kundi la BTS, na akikosea hurudia tangu mwanzo kama anayesoma juzuu. Jifunze ya kundi lako. Huhitaji kujua lugha nzima kuyatamka majina, na hapo ndipo hofu yako ya lugha inapoishia. Nairobi ya miaka ya 1970 ilijaa watu waliocheza nyimbo za Kilingala za Les Mangelepa wasijue hata robo ya maneno.

Kuna pia zile taa za mkononi, ambazo kila kundi lina umbo na jina lake. Shabiki huingiza namba ya kiti chake kwenye simu, akaiunganisha na taa, na kuanzia hapo waandaaji ndio wanaozibadilisha rangi zote kwa pamoja, upande huu bluu, upande ule nyeupe, kufuata wimbo. Bei yake ni won 40,000 na zaidi. Mara ya kwanza unaweza kukaa bila taa, na hakuna atakayekulaumu. Ukipewa kikaratasi chenye maandishi mlangoni, usikitupe, kwa sababu mashabiki hupatana wakiinue wote kwenye wimbo fulani ili kuwashtukiza wasanii. Na ukiona magunia ya mchele yamepangwa na kupambwa kwa utepe nje ya ukumbi, hiyo ni desturi ya mashabiki kutoa mchele badala ya mashada ya maua, kisha ukapelekwa kwa wenye shida. Habari hiyo ilimfurahisha nyanya yako kuliko muziki wenyewe.

Kuhusu mtandio wako, watakutazama, kama wanavyokutazama kwenye treni, kisha taa zitazimwa na kila mtu atatazama jukwaa. Wapo watakaosema kwamba muziki haufai kabisa, na heshima yao naiweka, lakini mimi nimelelewa katika nyumba iliyopiga kanda za Zuhura Swaleh na siwezi kukukataza nilichopewa mimi. Swala ndiyo usiipitishe. Mwezi wa Novemba jua la Seoul hutua kabla ya saa kumi na mbili jioni, nalo tamasha lako linaanza saa kumi na mbili kamili, kwa hivyo beba msala mdogo kwenye mkoba, tafuta mahali pasafi bustanini, uswali Magharibi, ndipo uingie. Vaa koti zito, maana baridi ya huko haitajali kwamba umevaa kwa ajili ya picha.

Wakitoka watu wote kwa pamoja, kituo cha Olympic Park hufurika. Kaa kwenye kiti mpaka msongamano upungue, kwa kuwa treni zipo hadi karibu na usiku wa manane. Tamasha likimalizika saa tatu usiku kwenu, kwetu itakuwa saa tisa alasiri, na mdogo wako, ambaye Jumamosi hana shule, ameshaniomba simu. Anataka orodha ya nyimbo kwa mfuatano ulioimbwa, basi iandike.

Mamako anayekupenda.