Maji ya Paa: Mhandisi Anajibu

Masika yakikaribia, maswali ya paa huwa mengi. Haya manne yanawagusa wengi.

Mhandisi, nyumba yangu ni ya paa la kuficha. Mvua kubwa ikinyesha maji yanashuka kwenye dari, na mabati ni mapya. Fundi anasema tung'oe bati lote. Nikubali?

Usikubali bado. Kwenye paa la kuficha, mara nyingi bati halina kosa. Kosa liko kwenye mfereji ulio kati ya bati na ukuta unaolizunguka. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 120, mvua ikimwagika kwa kiwango cha milimita 100 kwa saa, linapokea lita 200 kila dakika. Hizo ni ndoo kumi za lita 20! Halafu unakuta bomba moja tu la inchi 3, tena mdomoni limejaa majani. Maji yakikosa njia hupanda, yakivuka ncha ya bati yanaingia ndani.

Panda juu siku ya jua utazame ukuta wa mfereji. Kuna mstari wa tope ulioachwa na maji. Mstari huo ukiwa juu ya ncha ya bati, umeshampata mchawi wako.

Weka mabomba yasiyopungua mawili ya inchi 4, kila moja upande wake. Mfereji uwe mpana kiasi cha mtu kuweka mguu na kuusafisha. Kisha toboa ukutani tundu la akiba, chini kidogo ya ncha ya bati. Siku maji yakitokea hapo utajua bomba limeziba, na dari itakuwa salama. Mchoro wa paa la kuficha usio na tundu hilo mimi siutilii saini.

Bomba la inchi 3 na la inchi 4 yana tofauti gani, zaidi ya bei?

La inchi 4 lina uwazi karibu mara mbili ya la inchi 3. Nunua la 4.

Juu ya slabu yangu maji yanatuama siku tatu nzima. Nipake lami?

Lami haiondoi dimbwi. Slabu inataka mteremko, kama sentimita 2 kwa kila mita, kuelekea kwenye tundu la bomba. Na usilidharau dimbwi: maji ya kina cha sentimita 10 juu ya slabu ya mita 4 kwa 5 ni tani 2. Mteremko unaweza kutengenezwa kwa mchanga na saruji, lakini nao ni mzigo, kwa hiyo aliyepiga hesabu za slabu aulizwe kwanza. Ukishakauka ndipo upake lami.

Maji ya gata langu yanaingia kwa jirani na sasa hatusalimiani. Fundi anashauri niyaingize kwenye shimo la choo.

Hapana, tafadhali! Shimo litajaa kwa mvua moja, na kitakachofurika kitaenda kwa jirani yuleyule. Maji ya paa lako ni mzigo wako mpaka yafike mtaroni. Yaingize kwenye tanki, na bomba la kufurikia la tanki lipite chini ya ardhi hadi mtaro wa barabarani. Kama njia iliyopo ni ya mpakani tu, nenda kwa jirani kabla ya kuchimba, mkubaliane mfereji mmoja wa wote wawili. Huenda naye maji yake hayana pa kwenda.