Umenunua rangi, mwanangu

Baiskeli yangu ya kwanza ya mbio niliinunua kwa sababu ilikuwa nyekundu. Ilikuwa mtumba, chuma kitupu, usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume, na kwenye fremu stika inayong'aa ya "Cro-Mo", yaani chuma kilichochanganywa kromi na molibdeni. Nilitoa laki mbili na nusu, nikaondoka sokoni haraka muuzaji asije akabadilisha mawazo.

Mwezi wa tano, natoka Muheza kurudi Tanga mjini, nikaanza kusikia tik, tik kila nikivuta usukani kupanda kilima. Nikasema gololi za pedeli hizo, zitangoja Jumamosi. Mbele kidogo usukani ukawa laini mkononi, kama unaendesha kitu chenye mgongo mbovu. Nikashuka, nikaigeuza miguu juu. Chini ya bomba la mshazari, lile linaloshuka kutoka shingo ya usukani hadi kwenye pedeli, vidole viwili nyuma ya shingo, rangi ilikuwa imepasuka mstari mwembamba kama uzi. Nikarudi kwa daladala, baiskeli juu ya keria.

Fundi wangu, mzee ambaye amekaa chini ya mwembe uleule tangu mimi navaa kaptula za shule, alichukua wembe akakwangua. Ukatoka unga mweupe kama wa muhogo. Puti. Ile wanayozibia magari yaliyogongwa. Chini ya puti chuma kilikuwa kimejikunja mikunjo mikunjo kama ngozi ya kiwiko, na kwenye mkunjo mmojawapo ndipo ufa ulipoanzia. Baiskeli iligonga kitu uso kwa uso kabla haijanifikia, mtu akaipaka, akaipamba, akaiuza. Mzee akaniangalia, akasema, "Umenunua rangi, mwanangu."

Tangu siku hiyo siendi kukagua fremu bila sumaku. Sumaku yangu ni ya spika mbovu, nimeifunga kitambaa ili isikwaruze. Naipitisha taratibu chini ya bomba la mshazari na bomba la juu, hasa karibu na shingo. Chuma chenye rangi ya kawaida kinaishika kwa nguvu ileile mwanzo hadi mwisho. Ikilegea ghafla mahali, hapo pana puti. Ikikataa kushika fremu nzima, basi hiyo si chuma, mara nyingi ni alumini, na maneno ya muuzaji kwamba ni "chuma cha Mjapani" yamekwisha. Baada ya sumaku napitisha kidole gumba palepale. Mkunjo mdogo ambao jicho halioni, kidole kinauona.

Sasa stika. Sisemi zote ni za uongo. Reynolds wa Birmingham, Uingereza, walileta chuma chao cha 531 mwaka 1935, mchanganyiko wenye manganizi na molibdeni, na kilikuwa kizuri kiasi kwamba kilitumika hata kwenye fremu ya mbele ya gari la Jaguar E-Type. Waitaliano wana Columbus, Wajapani wana Tange. Ukiiona stika ya hawa, furahi, lakini isome mpaka mwisho. Kuna stika za 531 zinazosema ni yale mabomba matatu makuu tu, maana yake foko na mabomba ya nyuma ni chuma kingine. Na fremu ikishapakwa rangi upya, stika inanunuliwa tu, hata ya kampuni ambayo haikuwahi kuigusa fremu hiyo.

Kitu kisichodanganya kirahisi ni nguzo ya kiti. Hapa nitakaa kidogo, maana hili watu wengi hawalijui na linahitaji dakika mbili tu.

Bomba la fremu linalopokea nguzo ya kiti, kwenye baiskeli nyingi za mbio za chuma za zamani, lina upana wa nje wa milimita 28.6. Huo haubadiliki sana. Kinachobadilika ni unene wa ukuta wake. Chuma bora kina nguvu zaidi, kwa hiyo mtengenezaji anaweza kulifanya bomba liwe jembamba bila kuliogopa. Chomoa nguzo ya kiti, itazame chini, mara nyingi kipimo kimegongwa pale. Ukikuta 27.2, ukuta wa bomba pale juu ni kama nusu milimita na ushee, na hiyo ni kazi ya mtu aliyenunua mabomba ya gharama. Ukikuta 25.4, piga hesabu: ukuta ni milimita 1.6. Hilo ni bomba la maji. 26.8 au 27.0 ni katikati, heshima ipo. Wafaransa wa zamani wana vipimo vyao, bomba la nje 28.0 na nguzo 26.4, usiwahukumu kwa hesabu hii. Na kama nguzo haina alama, pima kwa venia, kile kipimio cha taya cha mafundi, halafu chungulia kama hakuna bati la kopo la soda limeviringishwa ndani kujaza nafasi. Hilo nimeshalikuta mara mbili, na mara zote mbili muuzaji alishangaa kuliko mimi.

Lakini bomba la maji si tusi. Vijana wa chama cha baiskeli nyepesi hawapendi kusikia hili. Fremu ya chuma cha kawaida, kuta nene, ikiwa imeunganishwa vizuri na haijaoza, itabeba mtu na gunia la mkaa miaka na miaka. Itakuwa nzito, kilimani utajuta, ila haitakuacha njiani kwa kosa dogo. Fremu nyembamba ya bei ukiidondosha kwenye ukingo wa kibaraza inabonyea. Na ule mtindo wa kukanyaga pedeli ukiwa umesimama sokoni kuona kama fremu "inacheza", kisha kusema chuma hiki ni dhaifu, hauna maana kabisa. Ugumu wa chuma wa kutopinda ni karibu uleule kwa chuma chochote, cha bei rahisi au cha bei mbaya. Kinachofanya fremu icheze ni unene na upana wa bomba. Ubora wa chuma unaonekana kwenye kuvunjika.

Na fremu ikivunjika, mara nyingi inavunjika kwenye maungio. Baiskeli za zamani mabomba yake yanaingia kwenye vikombe vya chuma, mfano wa soketi za fundi bomba, halafu shaba au fedha inayeyushwa ijaze nafasi. Inama, tazama ukingo wa kila kikombe. Fundi aliyejali amepiga tupa ukingo mpaka ukawa mwembamba kama ukucha, na mstari wa shaba unazunguka wote bila kukatika. Fundi mwenye haraka ameacha vitobo vidogo, uvimbe wa shaba, au mahali ambapo kikombe na bomba havijagusana. Kitobo kimoja kinaingiza maji, na pale shaba isipofika, uzito wote unabebwa na upande mmoja.

Usiseme vya zamani vyote vilikuwa imara. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Wamarekani walizipenda baiskeli za mbio ghafla, viwanda vya Ulaya vikazidiwa na oda, na baadhi ya fremu za majina makubwa za miaka ile zimeunganishwa ovyo. Ya Kijapani ya miaka ya 1980, isiyo na jina la kujivunia, mara nyingi naiamini zaidi.

Ukishatoka kwenye maungio, angalia vile vibati viwili ekseli ya gurudumu la nyuma inapokaa. Kama ni vinene, vya chuma kilichofuliwa, na mahali pa kuning'inizia mashine ya gia ni sehemu ya kibati chenyewe, fremu ilitengenezwa kwa baiskeli ya maana. Kama ni bati bapa lililokatwa, na mashine ya gia imeshikiliwa na kipande kilichofungwa kwa skrubu, ilikuwa baiskeli ya bei ya chini tangu kiwandani. Bei iendane na hapo.

Kunyooka napima kwa uzi. Funga kwenye kibati cha kushoto, upitishe mbele kuzunguka shingo, urudishe kibati cha kulia, uvute ukaze. Sasa pima kutoka uzi mpaka bomba la kiti, kushoto na kulia. Tofauti ya milimita moja au mbili nainunua. Tano, ninaiacha, ama naomba bei ishuke sana, maana chuma, tofauti na alumini, fundi anayejua anaweza kukirudisha kwa mikono na subira.

Kisha kutu, adui wetu sisi wa pwani. Kutu ya juu ya rangi ni mapambo tu, usiiogope. Ya ndani ndiyo inayoua. Maji yanaingia kwenye mwanya wa nguzo ya kiti, yanashuka mpaka kwenye ekseli ya pedeli, yanalala humo na chumvi ya hewa ya bahari. Chomoa nguzo, mulika kwa tochi ya simu, halafu pindua fremu uone kinachodondoka. Vumbi la kahawia kidogo ni kawaida. Magamba makubwa kama ya samaki, acha. Rangi iliyovimba mapovu chini ya mabomba ya nyuma, idonoe kwa msumari. Msumari ukizama, umeokoa pesa yako.

Na kama nguzo yenyewe haichomoki? Muuzaji atasema ni kutu kidogo, itatoka na mafuta. Mimi nilimwamini mmoja. Nguzo ya alumini ndani ya bomba la chuma, ikikutana na maji ya chumvi, vinaumana mpaka vinakuwa kitu kimoja. Nikataka kuipasha moto, mzee akanizuia: alumini ikipata joto inavimba kuliko chuma, ungeikaza zaidi. Tulikata nguzo kwa ndani, kwa jani la msumeno wa chuma lililofungwa kitambaa, siku tatu. Grisi ya mia tano ingezuia yote hayo. Kwa hiyo nguzo isiyochomoka, kwangu, baiskeli hiyo ni ya mwenye kimo hicho hicho.

Ile nyekundu je? Ufa wa mahali pale haukutaka kushonwa. Nilipotaka kuipeleka kwa kijana wa mageti aipige umeme, mzee alicheka. Moto wa umeme unatoboa bomba jembamba kabla haujaunganisha. Fremu ya namna hiyo inataka gesi na shaba, ambayo inayeyuka kwenye joto la chini sana kuliko chuma, na hata hivyo bomba lililokunjika hubadilishwa zima. Nilivua magurudumu, breki na pedeli, fremu nikamwachia. Ameitia kamba, anaanikia tairi.

Ninayoendesha sasa ni ya kijani iliyochujuka, ina bonyeo la ukubwa wa kunde kwenye bomba la juu, nguzo 27.2. Nililipa laki na tisini. Wale wauzaji wameshanizoea. Wiki iliyopita nilipita tu, sina hata shilingi mfukoni, mmoja akamwambia mwenzake, "Wa sumaku huyo, ile nyeupe irudishe ndani."