Jibu: Marinda yanayopotea baada ya kufua

Pole dada. Umeuliza kwa nini marinda ya sketi ya binti yako yamefumuka baada ya kufuliwa mara moja, na kama ununue mashine ya kukunja marinda. Mashine iache kwanza, shida ni kitambaa. Pamba tupu ukiipiga pasi inashika, ikilowa tu imesahau. Polista ndiyo inayokumbuka, maana nyuzi zake hulainika kwa joto na zikipoa hubaki zilivyokunjwa. Chomoa uzi uuchome: ukiacha majivu laini ni pamba, ukijikunja na kuacha kidonge kigumu ni polista.

Mimi natumia karatasi mbili ngumu za manila. Nazikunja pamoja kwa mistari niliyopima, nalaza kitambaa katikati, nakunja tena vyote kama feni ya mkono, nafunga kamba, kisha naweka juu ya mvuke kwenye sufuria kubwa. Usifungue kikiwa cha moto! Nilishaharibu mita tatu kwa haraka zangu. Kiache kilale hadi asubuhi.

Upindo wa chini maliza kabla ya kukunja, baadaye utalia. Na marinda ya kulalia upande mmoja yanakula kitambaa mara tatu: kiuno cha sentimita 70 kinataka 210, bado ya mshono.

Mashine ina visu vinavyosukuma kitambaa kati ya karatasi mbili hadi kwenye rola za moto. Inamfaa mwenye oda za sketi mia. Kwa sketi moja, manila inatosha.