Paini na wavu wa kuku kwa boksi la vyura wa mitini?

Paini iliyotiwa dawa achana nayo, ndugu, hata kama ilibaki bure kwenye paa. Dawa hizo mara nyingi zina shaba na aseniki, na chura hunywa kwa ngozi. Isiyo na dawa nayo utaipulizia maji kila siku, itaoza.

Nunua kioo cha mm 5, ukatiwe boksi la sm 45 kwa 45, kimo sm 60. Hawa wanapanda, kimo ndicho muhimu. Gundisha kwa silikoni tupu, ile inayonuka siki. Ya bafuni yenye dawa ya ukungu, hapana. Iache wiki nzima, harufu iishe kabisa.

Wavu wa kuku utawachubua pua, na wadogo watapenya. Tumia wavu wa mbu wa nailoni: nusu ya mfuniko wa juu, na ukanda wa sm 5 chini mbele ili hewa izunguke. Ukifunika juu kote kwa wavu, upepo mkavu wa Mbeya wa Julai utamaliza unyevu usiku mmoja (na barazani usiliweke, baridi!).

Chini: tabaka la kokoto lenye kina cha sm 4, kipande cha wavu, kisha makumbi ya nazi.